Rauta mpya au programu mpya? Hesabu ya intaneti ya nyumbani Kibaha na Kisarawe

Saa 2 usiku ndiyo saa ngumu ya intaneti ya nyumbani. Mtoto anapakua maswali ya mtihani wa mazoezi, mama anaongea kwa video na dada yake aliye Muscat, na simu ya mgeni aliyekaa sebuleni imeanza kujisasisha bila mtu kuiagiza. Video inaganda, sauti inakatika. Kesho yake mwenye nyumba anaiomba kampuni imuongezee kasi ya kifurushi, au anapanda gari hadi Kariakoo kutafuta rauta yenye antena nyingi zaidi. Mara nyingi pesa hiyo inakwenda pasipo na tatizo.

Ipo njia nyingine ambayo wakazi wengi wa Pwani hawajawahi kuiwekea hesabu: kubaki na rauta, au kununua iliyotumika, kisha kuitoa programu dhibiti ya kiwandani na kuitia ya chanzo huria, kazi ambayo mafundi huiita kuflashi. Inayojulikana zaidi ni OpenWrt. Programu yenyewe hailipiwi hata senti. Gharama iko kwenye kisanduku, waya, umeme, bando la kupakulia na muda wa fundi. Ninavyoona mimi, njia hii inawafaa watu wengi kuliko wanavyodhani, ila faida yote inategemea uamuzi mmoja unaofanyika dukani, kabla pesa haijatoka mfukoni: kuchagua rauta ya toleo sahihi.

Unapata nini, na hupati nini

OpenWrt ilianza Januari 2004. Mwaka mmoja kabla, wataalamu walikuwa wamegundua kwamba rauta ya Linksys WRT54G ilikuwa ikiendeshwa na Linux, na leseni ya Linux inamtaka mtengenezaji atoe msimbo wake hadharani. Kampuni ilipoutoa, watu wa kujitolea waliuchukua na kuuboresha, na kazi hiyo haijasimama hadi leo. Toleo la 24.10 lilitoka Februari 2025. Hapa kwetu Afrika Mashariki, BRCK, kile kisanduku cha intaneti kilichobuniwa Nairobi na kuchangishiwa fedha mtandaoni mwaka 2013, kilijengwa juu ya msingi huohuo.

Kwa mtu wa nyumbani, faida zake kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni usalama. Rauta za bei nafuu huachwa bila masasisho miaka michache baada ya kutoka kiwandani, nazo huendelea kuwaka usiku na mchana zikiwa zimeunganishwa na dunia nzima. Mei 2018 ilibainika kwamba programu hasidi iitwayo VPNFilter ilikuwa imeingia kwenye rauta na vifaa vya aina hiyo takriban 500,000 katika nchi zaidi ya 50. Mwezi uliofuata orodha ya rauta zilizo hatarini ilipanuliwa, na TP-Link TL-WR841N, ambayo ni ya kawaida sana mitaani kwetu, ikawemo.

Ya pili ni mgawanyo wa haki. OpenWrt ina kifurushi kiitwacho SQM kinachopanga foleni ya data. Ni kama kwenye kioski cha maji: aliyekuja na madumu 20 anasimama kidogo ili mwenye ndoo moja ateke aende zake. Simu ya video ndiyo yenye ndoo moja. Simu inayojisasisha ndiyo yenye madumu. Maji hayaongezeki, lakini hakuna anayekaa juani bila sababu.

Ya tatu ni kujua bando limeliwa na nani. Kifurushi cha nlbwmon kinaonyesha matumizi ya kila simu na kila kompyuta. Kwa nyumba inayonunua bando lenye kikomo, taarifa hiyo peke yake yaweza kuokoa pesa nyingi kuliko bei ya rauta.

OpenWrt haiongezi kasi uliyouziwa na kampuni. Haisogezi mnara karibu na nyumba. Haiifanyi waifai ipenye kuta tatu za tofali. Fundi akikuahidi hayo, tafuta mwingine.

Pima kwanza, lipa baadaye

Kabla ya kutumia hata shilingi, fanya jaribio hili. Chomeka kompyuta kwenye rauta kwa waya na upime kasi mara mbili: usiku wa manane watu wamelala, na saa 2 usiku nyumba nzima ikiwa mtandaoni. Wakati kipimo kikiendelea, angalia pia muda wa kujibu, ile namba ya milisekunde ambayo programu za kupima kasi huionyesha.

Ikiwa usiku wa manane kasi ni ndogo hata kwa waya, tatizo ni laini au kifurushi. Dai haki yako kwa kampuni, rauta haihusiki. Ikiwa kwa waya mambo ni mazuri lakini chumbani ni mabaya, tatizo ni mahali rauta ilipo. Itoe nyuma ya runinga, iweke juu, katikati ya nyumba. Hiyo ni bure. Ikiwa kasi ni nzuri lakini milisekunde zinaruka kutoka 40 hadi mamia kila mtu mmoja anapopakua kitu kizito, basi tatizo ni foleni, na hapo ndipo programu mpya inapolipa gharama zake.

Soma kibandiko cha chini

Jina la rauta halitoshi. Igeuze usome kibandiko: baada ya jina kuna neno “Ver” na namba. Namba hiyo ndiyo inayoamua kama unanunua chombo au mzigo.

Mfano ulio wazi ni hiyohiyo TL-WR841N. Toleo la 13 lina hifadhi ya megabaiti 8 na RAM ya megabaiti 64. Toleo la 14, lililofuata, lina megabaiti 4 na 32. Jina ni moja, na muuzaji anaweza kukuambia kwa nia njema kabisa kwamba 14 ni bora kwa kuwa ni ya juzi. Kwa kazi hii ni kinyume chake. OpenWrt ilitoa matoleo rasmi kwa rauta za 4/32 hadi kwenye mfululizo wa 19.07, na mfululizo huo uliachwa kusasishwa Aprili 2022. Kununua rauta ya aina hiyo leo ili uiflashi ni kutupa pesa.

Kwa hiyo shika vipimo viwili kichwani. Cha 8/64 ndicho cha chini kabisa: inafanya kazi, ila nafasi ya kuongeza vifurushi ni finyu, na mradi wenyewe wa OpenWrt huonya kwamba rauta za kiwango hicho zinakaribia ukomo. Cha 16/128 ndicho cha kununua ukitaka kukaa miaka kadhaa bila wasiwasi. TP-Link Archer C6 toleo la 3.20 na Cudy WR1300 ziko kwenye kundi hilo, zikiwa pia na milango ya gigabiti na waifai ya bendi mbili. Milango ya TL-WR841N inaishia megabiti 100 kwa sekunde, kasi ambayo nyumba nyingi za Kibaha na Kisarawe bado hazijaifikia.

Njia tano kwenye mizani moja

Bei za dukani hubadilika na maelewano ni sehemu ya biashara, kwa hiyo namba za hapa ni za kufanyia hesabu. Weka za kwako pale utakapozipata. Nachukulia nyumba inayolipa shilingi 50,000 kwa mwezi, yaani 1,200,000 kwa miezi 24.

*Kuacha kila kitu kilivyo.* Gharama ya leo ni sifuri. Inafaa kama jaribio la juu halikuonyesha tatizo la foleni na mtengenezaji bado anatoa masasisho ya rauta yako. Ingia kwenye ukurasa wa rauta uangalie tarehe ya sasisho la mwisho.

*Kuongeza kifurushi.* Tuseme kutoka 50,000 hadi 70,000. Kwa miezi 24 ni 480,000 za ziada. Inafaa kama kasi ni ndogo hata ukiwa peke yako. Kama tatizo ni foleni, utakuwa umenunua bomba pana zaidi ambalo mtu mmoja bado anaweza kulijaza.

*Rauta iliyotumika ya 8/64 na OpenWrt.* Tuseme 25,000 ya rauta na 15,000 ya fundi: 40,000, sawa na asilimia 3 na kitu ya fedha ya intaneti ya miezi hiyo. Inafaa kwa nyumba ya watu wachache na kasi isiyozidi makumi machache ya megabiti. Hasara yake ni maisha mafupi yaliyobaki.

*Rauta mpya ya 16/128 na OpenWrt.* Tuseme 120,000 na 15,000 ya fundi: 135,000, yaani asilimia 11 hivi ya bili ya miaka miwili. Inafaa familia kubwa, ofisi ndogo, duka la stesheneri au kituo cha masomo ya jioni. Ukiiflashi, usitegemee dhamana ya muuzaji.

*Rauta inayokuja na OpenWrt tayari.* Kampuni ya GL.iNet huuza rauta ndogo zenye programu iliyojengwa juu ya OpenWrt. Mradi wenyewe, ukishirikiana na Banana Pi na Software Freedom Conservancy, ulitoa OpenWrt One mwishoni mwa 2024: RAM ya gigabaiti 1, hifadhi ya megabaiti 256, bei dola 89 ikiwa na kasha lake. Kwa kiwango cha hesabu cha shilingi 2,500 kwa dola hiyo ni 222,500, kabla ya usafirishaji na gharama za forodha. Ni chombo kizuri, na sehemu ya bei inakwenda kuuendeleza mradi. Ila ikiharibika, duka la karibu la kuirudishia haliko Maili Moja.

Umeme nao uingie kwenye hesabu. Rauta ndogo yenye adapta iliyoandikwa volti 9 na ampea 0.6 haivuti zaidi ya wati 5.4, na ikiwaka siku 30 mfululizo haifiki uniti 4. Kwa bei ya TANESCO ya T1, shilingi 292 kwa uniti na takriban 356 pamoja na kodi na tozo, hizo hazifiki 1,400. Aliye kwenye D1 ya shilingi 100 hafiki 500. Rauta ya volti 12 na ampea 1, ikivuta nguvu zake zote, haitavuka 3,100 kwenye T1. Kwa hiyo umeme usikuamulie. Tofauti ni ndogo.

Kujenga mwenyewe au kupakua iliyojengwa

Wanaoipenda kazi hii hutamani kuijenga programu kutoka kwenye msimbo wake. Ni elimu nzuri kwa kijana anayesomea kompyuta: kompyuta yenye Linux, nafasi ya gigabaiti 10 hadi 15 kwenye diski, saa kadhaa za kusubiri, na kupakua data inayoweza kuvuka gigabaiti 1 kabla hujapata faili moja. Mwenye faiba isiyo na kikomo aijaribu. Anayenunua bando la siku anaweza kuteketeza bando lote kwa kazi ambayo angeipata karibu bure.

Tovuti ya mradi ina ukurasa wa kuchagua programu. Unaandika jina la rauta na toleo lake, unaongeza majina ya vifurushi unavyovitaka, kwa mfano luci-app-sqm na nlbwmon, kisha seva za mradi zinakujengea faili lako. Kwa rauta ya hifadhi ya megabaiti 8, unachopakua hakizidi megabaiti 8. Vifurushi vikiingizwa wakati wa kujenga huchukua nafasi ndogo kuliko vikiongezwa baadaye, na kwenye rauta finyu tofauti hiyo ndiyo huamua kama vitaenea au la. Kwa wakazi wa Kisarawe wanaotegemea bando la simu, hii ndiyo njia ya busara.

Ukishapakua, linganisha namba ndefu ya SHA256 ya faili lako na ile iliyo kwenye tovuti. Faili lililokatika njiani laweza kuua rauta.

Dakika kumi za kazi yenyewe

Rauta nyingi hukubali faili jipya kupitia ukurasa wake wa kawaida wa kusasisha. Nyingine zina mlango wa nyuma, na TL-WR841N toleo la 13 ni mojawapo. Unaipa kompyuta anwani ya kudumu ya 192.168.0.66, unawasha programu ndogo ya TFTP, na faili unalibadilisha jina liwe tp_recovery.bin. Unachomeka waya kwenye mmoja wa milango ya LAN, unabonyeza kitufe cha riseti, unawasha rauta huku kidole kikiwa palepale kwa sekunde 6 au 7, mpaka ianze kulivuta faili. Kisha unaiacha. Taa zitawaka na kuzima, zitatulia, na mtu asiyejua atadhani imekwama. Hapo ndipo rauta nyingi huuawa, kwa mkono uliokosa subira ukachomoa waya.

Ikiamka, unaifungua kwa anwani ya 192.168.1.1, jina la mtumiaji ni root, na nenosiri hakuna. Kazi ya kwanza ni kuliweka. Waifai huwa imezimwa, kwa hiyo bila waya wa mtandao huwezi hata kuanza, ununue kabla. Mlango huohuo wa nyuma ndiyo kinga yako: programu ikiingia vibaya, mara nyingi unarudia hatua hizo na rauta inafufuka. Kila aina ina anwani na jina lake la faili, kwa hiyo soma ukurasa wa rauta yako na usifuate wa jirani.

Jambo la kwetu zaidi ni umeme. Usiflashi wakati umeme unacheza. Tumia kompyuta mpakato yenye chaji ya kutosha, na rauta uichomeke kwenye UPS ndogo ya rauta. UPS hiyo si hasara. Kesho yake itaendelea kukuweka hewani umeme ukikatika.

Kibaha yenye faiba, Kisarawe yenye laini

Kwenye ukanda wa barabara ya Morogoro, kutoka Maili Moja na Picha ya Ndege kuelekea Mlandizi, swali la kwanza ni kama faiba imefika mtaani kwako. Ikiwa imefika, kampuni itakufungia kisanduku chake. Kisanduku hicho usikiflashi. Mara nyingi ni mali ya kampuni, na kukiharibu ni kununua ugomvi. Weka rauta yako ya OpenWrt nyuma yake: waya utoke kwenye mlango wa LAN wa kampuni uingie WAN ya kwako, kisha zima waifai ya kampuni. Visanduku vyote viwili vikitumia 192.168.1.1 havitaelewana, kwa hiyo ya kwako ihamishie 192.168.2.1. SQM uiwekee asilimia 80 hadi 95 ya kasi uliyoipima, ili foleni ikae kwako unapoweza kuipanga.

Kwenye vilima vya Kisarawe, na zaidi ukielekea Maneromango na Mzenga, wengi watatumia laini ya simu. Kanuni ni ileile: rauta ya 4G au 5G uliyopewa na kampuni iache kama ilivyo, weka ya kwako nyuma yake. Mwenye modemu ya USB anaweza kuichomeka kwenye rauta ya OpenWrt yenye mlango wa USB. Huawei E3372 ya aina ya HiLink, kwa mfano, huhitaji kifurushi cha kmod-usb-net-cdc-ether. Hapo rauta ya 8/64 itakubana, tafuta ya 16/128. Kasi ya mtandao wa simu hupanda na kushuka, hivyo SQM uiwekee kiwango cha saa mbaya, si cha saa nzuri. Na kama simu yako yenyewe haishiki mtandao ndani ya nyumba, pesa ya kwanza iende kwenye kuihamishia rauta dirishani upande wa mnara au kwenye antena ya nje. Programu baadaye.

Sheria usiisahau

Vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, jambo la kuuliza hasa ukiagiza kutoka nje. Kwenye mipangilio ya waifai, chagua nchi TZ ili rauta ibaki kwenye masafa yanayoruhusiwa. OpenWrt hufanya VPN kuwa kazi ya dakika chache, lakini kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zinagusa VPN, na Oktoba 2023 TCRA iliwataka wanaozitumia wazisajili. Ofisi yenye kuihitaji kwa kazi halali ijisajili kwanza.

Ningechagua nini

Nyumba ya watu watatu au wanne Kisarawe inayotumia bando la simu: rauta iliyotumika ya 8/64, ikiwa tu kibandiko kimesomwa na faili lake lipo kwenye tovuti ya mradi. Familia kubwa au kituo cha masomo Kibaha chenye faiba: mpya ya 16/128, bila kusita. Kwa 135,000 unapata mgawanyo wa haki na masasisho ya miaka kadhaa, wakati kifurushi kikubwa zaidi kingekula 480,000 kwa muda huohuo. Asiye na mtu wa kumsaidia anunue rauta ambayo mtengenezaji wake bado anaisasisha, na aisasishe kweli.

Mafundi simu wa Maili Moja na wa Kisarawe mjini wanaflashi simu kila siku; hii ni kazi wanayoweza kuimudu kwa mafunzo ya siku chache. Ukimpelekea fundi rauta, mtake mambo manne kabla hujalipa: akuonyeshe jina na toleo vikilingana na vya kwenye tovuti, akupe nakala ya faili alilotumia, akuachie uweke nenosiri mwenyewe, na apime milisekunde mbele yako kabla na baada ya kazi. Namba ikishuka, kazi imefanyika, mlipe stahili yake.